Matege: Jua Lipo Nje, Mtoto Yupo Ndani

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia mifupa ya watoto wetu. Wengi tumemwona mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye miguu yake imepinda kama upinde, anatembea kwa kuyumba, na wenzake wanamcheka. Majirani nao hunong'ona: mama yake alifanya nini? Wengine wana jibu tayari, na mara nyingi jibu hilo ni la kumtia mama aibu, wala si la kumponya mtoto.

Ugonjwa huo ni matege. Jambo la kushangaza ni kwamba unasababishwa, kwa sehemu kubwa, na kukosa jua; nasi tunaishi karibu na ikweta, mahali ambapo jua halina msimu wa kupotea. Basi inakuwaje mtoto akose kitu ambacho kipo bure mlangoni? Somo hili linajibu swali hilo, na linaeleza mambo ambayo familia inaweza kufanya nyumbani, pamoja na yale ambayo lazima yapelekwe hospitali.

MATEGE NI NINI?

Mfupa wa mtoto si kama jiwe. Ni kitu hai kinachokua kila siku. Kwanza mwili hutengeneza kitu laini kama gegedu la sikio. Halafu hujaza humo madini, hasa madini ya chokaa yaitwayo kalsiamu, pamoja na fosforasi. Madini hayo ndiyo yanayoufanya mfupa uwe mgumu na uweze kubeba uzito.

Mtoto mwenye matege anaendelea kukua, lakini mifupa yake haijazwi madini ya kutosha, kwa hiyo inabaki laini. Akianza kusimama na kutembea, uzito wa mwili unaipinda miguu yake. Unaweza kulinganisha na fundi anayejenga nguzo ya nyumba kwa udongo bila saruji. Nguzo itasimama, lakini ukiiwekea paa italegea.

Vitamini D inaingia hapo. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo upokee kalsiamu iliyomo katika chakula. Vitamini D ikiwa haitoshi, utumbo hupokea kiasi cha sehemu 10 hadi 15 tu katika kila sehemu 100 za kalsiamu tunayokula. Ikitosha, hupokea sehemu 30 hadi 40. Kiasi kingine hutoka na choo. Kwa hiyo mtoto anaweza kunywa maziwa na bado mifupa yake ikawa na njaa.

Vitamini D ni tofauti na vitamini nyingine. Chakula huleta kidogo tu. Sehemu kubwa tunaitengeneza wenyewe: mionzi ya jua inapogusa ngozi iliyo wazi, ngozi hutengeneza vitamini hiyo, kisha ini na figo huikamilisha ili ianze kazi.

UGONJWA WA MOSHI NA VICHOCHORO

Tujifunze kidogo kutokana na historia. Mwaka 1650 daktari Mwingereza, Francis Glisson, aliandika kitabu kizima juu ya matege. Baadaye, viwanda vilipoongezeka Ulaya, ugonjwa ukaenea sana katika miji yenye moshi mwingi na vichochoro vyembamba. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari aliyekuwa amefanya kazi ya kimisionari nchini Japani, alilinganisha habari kutoka nchi mbalimbali. Aliona kwamba matege yalikuwa mengi mahali palipokosa jua, na machache mahali penye jua, hata kama watu wa huko walikuwa maskini. Akashauri watoto watolewe juani.

Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto wenye matege kwa taa yenye mionzi kama ile ya jua. Miaka hiyohiyo, katika mji wa Vienna uliokuwa umedhoofika kwa njaa ya vita, mama mtaalamu Harriette Chick na wenzake walionyesha kwamba watoto waliweza kupona kwa jua, au kwa mafuta ya ini la samaki. Ndipo ikaeleweka kwamba jua na mafuta hayo vilileta kitu kilekile, ambacho leo tunakiita vitamini D.

Tunayataja haya kwa sababu vichochoro vya namna hiyo sasa viko kwetu pia. Miji yetu imekua. Familia nyingi zinaishi katika chumba kimoja, nyumba zimebanana, na uwanja wa kuchezea haupo. Mama anaondoka alfajiri kwenda kazini au sokoni. Mtoto anabaki ndani na dada wa kazi, au anapelekwa kwa mama anayelea watoto kumi katika chumba kimoja, na mlango unafungwa wasije wakatoka barabarani. Akitolewa nje, anatolewa amefungwa shali, kofia na soksi, asije akapata vichomi. Jua lipo, lakini halimfikii.

MILANGO MIWILI YA MATEGE

Madaktari waliowachunguza watoto wenye matege jijini Nairobi walikuta kwamba tatizo kubwa lilikuwa upungufu wa vitamini D. Huo ni mlango wa kwanza: mtoto hapati jua.

Mlango wa pili ulionekana Jos, nchini Nigeria. Huko watoto wengi wenye matege walikuwa wakicheza juani kama kawaida. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko walipopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa hasa cha nafaka kama mahindi, na maziwa hawakuyapata. Jua walikuwa nalo. Kilichokosekana ni madini ya kujengea.

Mwili wa mtoto unahitaji vyote viwili. Kumwanika mtoto juani na kumlisha uji mtupu wa mahindi ni nusu ya kazi. Kumpa maziwa na kumfungia ndani nako ni nusu ya kazi. Katika nyumba nyingi zetu milango yote miwili iko wazi kwa pamoja.

TUSIWATWIKE AKINA MAMA LAWAMA

Mahali pengi husemwa kwamba mtoto asiyetembea kwa wakati amebemendwa, yaani wazazi wake walikutana kimwili kabla hajaacha kunyonya. Maneno hayo yamevunja amani katika nyumba nyingi. Mume anamshuku mke, mama mkwe anamsema, na mtoto anafichwa ndani kwa aibu. Kwa kufichwa ndani, anazidi kukosa jua na ugonjwa unaongezeka.

Yafaa tuseme wazi: kukutana kwa wazazi hakusababishi matege. Kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko hakupindi miguu. Kumsimamisha mapema hakupindi mguu ambao mfupa wake ni mzima. Pia matege hayatoki kwa kuchanja chale, kuchua miguu kwa mafuta, au kuifunga kwa vijiti. Mfupa laini ukifungwa kwa nguvu unaweza hata kuvunjika.

DALILI ZA KUANGALIA

Kwanza tusiwe na hofu bure. Karibu watoto wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, kwa sababu walikuwa wamejikunja tumboni. Kwa kawaida miguu hunyooka mtoto anapofikia umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Halafu, akiwa na miaka mitatu au minne, magoti yanaweza kugongana kidogo, na hunyooka yenyewe kabla au karibu na miaka saba. Hayo ni makuzi ya kawaida, na miguu yote miwili huwa sawa.

Dalili zinazotutaka twende kliniki ni hizi:

1. Mtoto amepita miaka miwili, na ukimlaza huku vifundo vya miguu vikigusana, kati ya magoti inabaki nafasi inayozidi upana wa vidole vitatu vya mtu mzima.

2. Vifundo vya mikono vimekuwa vinene, kama kwamba kuna viungo viwili.

3. Kifuani, mahali mbavu zinapokutana na gegedu, kuna vivimbe vidogo vilivyopangwa mstari kila upande. Madaktari huviita rozari ya matege, kwa kuwa vinafanana na punje za rozari. Ukipitisha vidole juu ya kifua cha mtoto unavisikia.

4. Utosi haujafunga hata baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

5. Meno yamechelewa; mtoto amepita mwaka mmoja na hana hata jino moja.

6. Mtoto hatembei akiwa na mwaka mmoja na nusu, au alikuwa akitembea na sasa anakataa.

7. Analia anaposhikwa au kunyanyuliwa, kwa sababu mifupa inamuuma.

8. Anapata vichomi mara kwa mara.

Dalili hii ya mwisho wengi hawaijui. Mbavu laini na misuli dhaifu havimwezeshi mtoto kupumua na kukohoa vizuri. Uchunguzi uliofanywa Addis Ababa, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba matege yalikuwa mengi zaidi sana kwa watoto waliolazwa kwa nimonia kuliko kwa wenzao. Kwa hiyo matege si suala la sura ya miguu tu. Yanaweza kuhatarisha maisha. Tena, kalsiamu ikishuka mno katika damu mtoto anaweza kupata degedege hata bila homa. Hiyo ni dharura: apelekwe hospitali saa ileile.

Kwa msichana kuna hatari nyingine inayokuja baadaye. Matege yakiupinda mfupa wa nyonga na usitibiwe, njia ya uzazi inaweza kuwa nyembamba, na siku ya kujifungua atapata shida kubwa. Tukimtunza binti wa miaka miwili, tunamtunza pia mama wa kesho.

JUA: LINI, NA KWA MUDA GANI?

Desturi ya wazee wetu ya kumwota mtoto jua ni njema. Lakini kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, jua la mapambazuko ni zuri kwa kuota joto, lakini linatengeneza vitamini D kidogo sana. Mionzi inayohitajika hutufikia jua likiwa limepanda. Tumia kipimo cha kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, faida ni ndogo. Kikilingana na urefu wako au kikianza kuwa kifupi, wakati umefika. Kwetu huwa ni karibu saa tatu na nusu hadi saa nne asubuhi, na tena alasiri kabla kivuli hakijarefuka. Jua la saa sita hadi saa nane ni kali. Mtoto asilazwe humo.

Pili, ngozi iwe wazi. Mikono, miguu na mgongo viguswe na jua. Kichwa na macho vikingwe kwa kofia au kivuli cha mama. Mtoto aliyefungwa kanga na sweta yuko juani kwa macho tu. Kukiwa na baridi, tafuteni mahali pasipo na upepo na mfunue sehemu kwa sehemu.

Tatu, kioo huzuia mionzi hiyo. Kumweka mtoto ndani karibu na dirisha la kioo hakumpi vitamini D hata kama chumba kinang'aa.

Nne, ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili dhidi ya jua, kwa hiyo inahitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe. Anza kwa dakika kumi, na uongeze polepole hadi nusu saa, siku nyingi za juma. Mtoto anayetembea acheze nje. Hakuna haja ya kuhesabu dakika. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita muda uwe mfupi na uangalizi uwe mkubwa, maana ngozi yake ni laini.

Kuna watoto ambao ushauri huu hauwahusu. Mtoto mwenye ualbino asianikwe juani kamwe. Ngozi yake hutengeneza vitamini D kwa mwanga kidogo mno, nayo huungua haraka na kuweza kupata saratani. Huyo avae mikono mirefu na kofia pana, na akae kivulini.

CHAKULA CHA KUJENGA MFUPA

Mtoto aliyepita mwaka mmoja anayepata chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku yumo hatarini kupata matege. Akipata miligramu 500 na zaidi, yuko mahali salama. Tuone jinsi sahani zetu zinavyofika huko.

Unga wa mahindi una kalsiamu kidogo sana, haifiki miligramu 10 katika gramu 100. Mtoto anayekula uji mtupu asubuhi, ugali na mchuzi mchana, na ugali tena jioni, ameshiba lakini mfupa wake haujapata kitu. Hapo ndipo tunapokosea bila kujua.

Maziwa: kikombe kimoja cha mililita 250, ya ng'ombe au ya mbuzi, kina karibu miligramu 300. Mtindi una kiasi hichohicho, na hufaa kwa mtoto ambaye tumbo lake halipatani na maziwa mabichi yaliyochemshwa. Asiyeweza kununua kikombe kizima achanganye nusu kikombe katika uji. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maziwa ya mama ndiyo yabaki kinywaji chake kikuu.

Ulezi: huu ndio mfalme wa nafaka kwa kalsiamu. Gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300. Bibi zetu waliotulea kwa uji wa ulezi walijua walilofanya. Hata hivyo nafaka zina kitu kinachoshika madini na kuyazuia yasipokelewe. Kitu hicho hupungua ukiloweka nafaka, ukiiotesha kuwa kimea, au ukiuacha uji uchachuke kidogo kabla ya kuupika. Uji wa togwa, uliotengenezwa kwa usafi, ni mzuri kwa sababu hiyo.

Dagaa: watu wengi huwaona kuwa chakula cha maskini. Kumbe dagaa wakavu, kwa kuwa tunawala pamoja na mifupa yao, kwa uzito uleule wana kalsiamu nyingi kuliko maziwa. Waoshe vizuri kuondoa mchanga, wakaushe, uwasage, uchekeche. Kijiko kimoja cha chakula katika uji au mboga ya mtoto kina msaada unaoweza kulingana na nusu kikombe cha maziwa au kuzidi. Dagaa hugharimu kidogo na hawaharibiki upesi.

Mboga za majani: sukuma wiki ni nzuri, bakuli dogo lililopikwa lina karibu miligramu 100, na mwili huipokea vizuri. Majani ya mlonge pia yana kalsiamu nyingi. Mchicha na spinachi tuendelee kuvila kwa faida zake nyingine, lakini tusivitegemee kwa mifupa, kwa kuwa vina asidi inayoishikilia kalsiamu yake. Ufuta uliosagwa na kuchanganywa katika mboga nao unasaidia.

Kuhusu vitamini D yenyewe, katika chakula hupatikana katika samaki wenye mafuta kama vibua, katika ini, na kidogo katika kiini cha yai. Hivi vinasaidia, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya jua.

Tuchukue mfano wa siku moja ya mtoto wa miaka miwili. Asubuhi uji wa ulezi wenye nusu kikombe cha maziwa. Mchana ugali mdogo na sukuma wiki iliyotiwa kijiko cha dagaa waliosagwa. Alasiri anacheza uani. Jioni wali na maharage. Mtoto huyo amepita miligramu 500, na mama hajanunua kitu cha duka la dawa.

Angalizo: tukisema madini ya chokaa, hatusemi mtoto alambishwe chokaa ya kupaka ukutani, wala udongo. Hivyo vinadhuru.

MAJI NA MAGADI

Wasomaji wa Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wana jambo la pekee la kuangalia. Maji ya chemchemi na visima katika nchi ya milima ya volkano yana madini mengi ya floridi. Kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja. Huko baadhi ya vyanzo huzidi mara nyingi. Floridi ikizidi huyapa meno rangi ya kahawia, na ikizidi zaidi huharibu mifupa na kuipinda miguu ya watoto. Magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi.

Kuchemsha hakuiondoi floridi. Huua vijidudu tu. Kinachosaidia ni kutumia maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi kwa kunywa na kupikia uji wa watoto, kuacha magadi katika chakula chao, na kutumia chujio la mkaa wa mifupa, kama yale yaliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mtoto mwenye chakula chenye kalsiamu kidogo hudhurika zaidi na maji hayo. Kwa hiyo ushauri wa maziwa na dagaa ni wa lazima zaidi huko.

MAMA MJAMZITO NA WAZEE

Mtoto huzaliwa na akiba ya vitamini D aliyopewa na mama yake. Mama anayeshinda ndani wakati wa mimba humzaa mtoto mwenye akiba ndogo. Tena maziwa ya mama, ingawa ndiyo chakula bora kuliko vyote, yana vitamini D kidogo. Hilo lisimfanye mama yeyote aache kunyonyesha! Mama atoke, ale vizuri, na mtoto apate jua. Wataalamu hushauri kila mtoto mchanga apate vizio 400 vya vitamini D kwa siku katika mwaka wake wa kwanza. Palipo na matone hayo kliniki, yapokeeni, hasa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Wazee nao tusiwasahau. Babu au bibi anayekaa chumbani miezi mingi hupoteza nguvu za misuli na uimara wa mifupa, na kuanguka mara moja tu kunaweza kumvunja nyonga. Kwa akina mama hali hii huenda haraka zaidi baada ya kukoma hedhi. Mtoeni mzee akae uani asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi kidogo. Atembee kadiri anavyoweza, kwa kuwa mfupa unaobeba uzito huimarika, na usiofanya kazi hudhoofika. Apewe uji wa ulezi na maziwa kama mjukuu wake. Ondoeni vitu vya kumkwaza njiani kuelekea chooni, na wekeni taa usiku.

MPAKA WA TIBA YA NYUMBANI

Jua na chakula ni kinga kuu ya matege. Lakini mtoto ambaye tayari ana dalili tulizotaja asibaki nyumbani akiota jua tu. Hospitali watapiga picha ya kifundo cha mkono au goti, na pengine watapima damu. Kwa kawaida tiba ni vitamini D pamoja na kalsiamu kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mtoto mdogo akitibiwa mapema, mifupa hukauka na miguu huweza kunyooka yenyewe kadiri anavyokua. Akichelewa, huenda akahitaji upasuaji.

Tena si kila mguu uliopinda ni matege ya kukosa jua. Mguu mmoja ukipinda peke yake, au mtoto asipopata nafuu baada ya kutibiwa, panaweza kuwa na ugonjwa mwingine wa mfupa, wa figo, au wa kurithi. Mtoto anayetumia dawa za kifafa pia ana hatari zaidi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza vitamini D mwilini. Asiache dawa, mwambieni daktari.

Jua halimzidishii mtu vitamini D, lakini vidonge na sindano vinaweza. Sindano zinazorudiwarudiwa bila kipimo hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo. Msinunue dukani kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Je, watoto wetu wa chini ya miaka mitatu hukaa nje saa ngapi kwa siku? Wanapolelewa na mtu mwingine, tumemwomba awatoe?

2. Uji wa nyumbani kwetu ni wa unga gani, na ndani yake tunatia nini?

3. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya miguu yake? Nani atakwenda kuzungumza na mama yake bila kumlaumu, na kumsindikiza kliniki?

4. Maji tunayokunywa yamewahi kupimwa floridi?

Swali la tatu ndilo tunaloomba lisiahirishwe. Mtoto wa miaka miwili ana muda wa kunyooka. Kila mwaka unaopita, mfupa unakomaa ukiwa umepinda. Mgonge mlango wiki hii.